Monita yenye kioo aina ya VA inaacha mkia mweusi kwenye giza: nirudishe nichukue yenye kioo cha IPS, au tatizo ni setingi?

#1 Mpiga_Chenga
Wakuu habari za jioni.
Nimevuta monita ya gemu hapa Kariakoo: inchi 27, imejikunja, 1080p, 165Hz (picha 165 kwa sekunde), boksi limeandikwa 1ms (milisekunde moja). Kwenye gemu la mpira iko poa sana, nyasi zimekolea hadi raha. Kasheshe linaanza usiku nikiingia kwenye gemu za kufyatuana. Nikigeuka ghafla kwenye korido yenye giza, ukingo wa ukuta na miguu ya adui vinaburuza mkia mweusi wenye uzambarau kwa mbali, kama wino unaochuruzika. Nikisimama picha inatulia.
Winga aliyenipeleka dukani anasema "hilo ni gemu, kioo hakina shida". Mwenye duka kanipa mpaka Jumamosi niirudishe na boksi lake, anibadilishie na IPS ya inchi 24, 180Hz, bei ileile. Nina PC yenye kadi ya picha ya RTX 3060, na dogo ana PS5 tunayochomeka humohumo. Bajeti laki sita na ushee, mwisho.
Katika aina za vioo, nichukue IPS, TN, nibaki na VA, au nijibane nisubiri OLED?

#2 Kobe_wa_Mbagala
Mkia mweusi wenye uzambarau? Mkuu hiyo si monita, hilo ni jini. Ngoja wajuvi waje, nipo pale nimekaa.

#3 FundiPikseli
Mkuu, hiyo ni VA na unachokiona ndiyo tabia yake. Winga kakupiga kamba.
VA inatoa weusi wa maana kwa sababu molekuli zake zikiwa zimetulia zinasimama wima na kuziba karibu taa yote ya nyuma. Ndiyo maana kontrasti yake (tofauti ya weupe na weusi) inaanzia 3000:1 hivi, wakati IPS nyingi ziko kwenye 1000:1. Ila kuziamsha kutoka weusi kabisa kwenda kijivu kilichofifia kunachukua muda. Kwa 165Hz fremu moja, yaani picha moja, inakaa milisekunde 6 tu. Pikseli inayohitaji milisekunde 20 au 30 kutoka nyeusi inapitwa na fremu tatu hadi tano bado iko njiani. Mpira unachezwa juani, hakuna weusi mwingi, ndiyo maana huko huoni kitu.
Hiyo 1ms angalia kama pembeni yake pameandikwa MPRT. Ikiwa ni hivyo, si kasi ya pikseli kubadilika rangi. Ni kipimo cha ukungu wa vitu vinavyokimbia pale taa ya nyuma inapowashwa na kuzimwa haraka haraka, na ukiwasha hiyo setingi picha inafifia na mara nyingi VRR (kioo kwenda sambamba na kasi ya fremu za gemu) inazimika.
Rudisha, chukua IPS. Kwa bajeti yako huna sababu ya kuumiza kichwa.

#4 binti_hertz
Fundi umeshusha nondo, ila unamkimbiza mwenzako dukani kabla hajakagua. Mpiga_Chenga, kwanza ingia setingi za skrini kwenye Windows utazame iko Hz ngapi. Monita nyingi zikichomekwa zinaanza na 60Hz na mtu anakaa nayo mwaka mzima akijisifia 165. Pili, umechomeka na waya gani? Tumia DisplayPort. Waya wa HDMI uliotoka kwenye king'amuzi usiuamini.

#5 Ndevu_Tatu
Mimi nina VA mwaka wa pili na sioni huo mkia unaotangazwa. Hiyo ni ovadraivu, setingi ya kusukuma pikseli zibadilike haraka. Bonyeza kitufe cha nyuma, ingia menyu ya monita, tafuta "Overdrive" au "Response Time". Duka wanakuachia ilivyotoka kiwandani, na mara nyingi iko chini. Panda ngazi moja moja, usirukie ya mwisho.
Nyie mashabiki wa IPS mnapenda sana kuhukumu vioo vya watu.

#6 Mpiga_Chenga
Asanteni wakuu. Majibu:
@binti_hertz Windows inaonyesha 165Hz, waya ni DisplayPort uliokuja na boksi.
@FundiPikseli ni kweli, MPRT ipo, imeandikwa kwa vijiherufi vya kichawi pembeni.
@Ndevu_Tatu nimepandisha. Ilikuwa "Normal". Kwenye "Fast" mkia umefupika kidogo, bado upo. Kwenye "Extreme" mkia mweusi unapungua lakini unakuja mwingine mweupe unang'aa nyuma ya vitu, kila nguzo ina malaika wake.

#7 Kobe_wa_Mbagala
Jini limeondoka, amekuja malaika. Hali inaendelea vizuri.

#8 FundiPikseli
Huyo malaika ni ovadraivu iliyozidi. Pikseli imesukumwa kwa nguvu mpaka ikapitiliza rangi iliyotakiwa, kisha inarudi. Ndiyo maana nilisema ni kioo. Setingi inakuchagulia mkia wa rangi gani, haiuondoi.

#9 Parachichi_Njombe
Niongeze kitu ambacho hakijasemwa: baridi. Niko Njombe, na VA yangu mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni balaa, mkia mpaka kwenye pointa ya mausi. Nikiiacha imewaka kama nusu saa inakaa sawa. Fuwele za kimiminika zikipoa zinakuwa nzito. Mkuu hebu iwashe mapema kabla ya kucheza halafu ulinganishe.

#10 Ndevu_Tatu
Dar hii unamwambia mtu apashe kioo joto? Anacheza na feni mbili kifua wazi.

#11 Parachichi_Njombe
Kama ana kiyoyozi je? Nimetoa mfano wangu, sikusema ndiyo jibu.

#12 Mpiga_Chenga
Kiyoyozi kingekuwepo bajeti ingekuwa laki sita?

#13 Said_Maskati
Assalaam aleikum. Niko Maskati, nimepita hizo njia zote. Nilikuwa na IPS, sasa ninayo QD-OLED (aina mojawapo ya OLED) ya inchi 34, ile Alienware AW3423DW iliyotoka 2022. Wallahi ukishaona giza la OLED hivyo vingine vyote unaviona vumbi tupu. Kila pikseli inajiwakia na kujizima yenyewe, hakuna taa ya nyuma, hakuna mkia. Kasi 0.1ms, ukungu hakuna kabisa. Jibane miezi michache uchukue kitu kimoja cha maana.

#14 Kapuku_Msomi
Shehe, mwenzako kasema laki sita na ushee, wewe unamletea kioo cha bei ya bodaboda. Tuishi humu humu.
Halafu OLED inaungua. Hapa kwetu PC moja ni ya gemu, ya Excel, ya dada kufanyia kazi za chuo na ya watoto kuangalia katuni. Upau wa chini wa Windows na nembo ya chaneli vikae saa nane kila siku, baada ya muda vinabaki kiooni kama tatuu. Na hapo ukienda kwa fundi anakuambia "badilisha kioo", bei ileile ya mpya.

#15 Said_Maskati
Hiyo modeli waliitoa na waranti ya miaka mitatu inayohusisha hata kuungua kioo. Na kuna programu ndani inayosafisha pikseli ukiiacha imepumzika.

#16 Kapuku_Msomi
Waranti ya huko huko ulikonunua. Aikatie tiketi ya ndege monita ije kutibiwa Maskati?

#17 binti_hertz
Said, hapo kwenye "ukungu hakuna kabisa" nikurekebishe kidogo. Pikseli ya OLED inabadilika haraka, sawa, lakini fremu inabaki imesimama kiooni mpaka ije nyingine. Ukicheza gemu la fremu 60 kila picha inakaa karibu milisekunde 17, jicho lako linaendelea kufuata kitu kinachokimbia, na ukungu unauona kama kawaida. Unachokikosa ni mkia tu. Ukitaka ukungu upungue ongeza fremu, na hapo 3060 ndiyo inaamua, si kioo.
Jingine: QD-OLED kwenye chumba chenye mwanga mwingi weusi wake unageuka kijivu cha zambarau. Nyumba zetu za madirisha wazi mchana kutwa, huo weusi wa kusifia utauona usiku tu.

#18 Mzee_wa_Chogo
Vijana mnanichekesha. Hayo yote mnayoyatafuta yalikuwepo kwenye chogo, zile TV nene za zamani. TV ya chogo ilikuwa inamulika mstari kwa mstari na kuzima, ndiyo maana mpira ukipigwa unauona umenyooka, hauna mkia wala ukungu. Tumecheza PS1 na PS2 kwenye vibanda vya mtaani, mnasimama kumi nyuma ya mchezaji, kila mmoja anaona rangi ileile hata aliye pembeni mlangoni. Leo mna 165Hz na bado mnalia.

#19 Kobe_wa_Mbagala
Mzee tukubebee hilo chogo na mkokoteni au na Fuso?

#20 Mzee_wa_Chogo
Ninalo hadi leo, linawaka. Njoo na jamaa zako watatu wenye migongo mizima.

#21 Mwana_Kisauni
Natoka Mombasa. Mimi niko upande wa Ndevu_Tatu ingawa sababu zangu ni nyengine. Nilikuwa na VA, nikashawishika na maneno kama ya Fundi, nikauza nikachukua IPS. Yakhe! Usiku taa ikizimwa pembe zote nne zina weupe, ukisogeza kichwa nao unasogea. Gemu la kutisha nikalicheza kama niko kwenye ukungu wa alfajiri. Weusi wote kijivu. Nimerudi VA na nimetulia, mkia nimeuzoea, ile kijivu sikuweza.
Kwa hivyo swali ni wacheza nini na wakati gani. Wewe mwenyewe umesema wacheza usiku.

#22 FundiPikseli
Weupe wa pembeni wa IPS ni kweli, siupingi, lakini una dawa ya bei rahisi: washa taa ndogo nyuma ya monita na shusha mwangaza wa kioo. Mkia wa VA hauna balbu ya kuutibu.

#23 Mwana_Kisauni
Kwa hivyo mimi nicheze gemu la kutisha taa zimewaka. Haya.

#24 ranki_ya_chuma
Mbona TN mnaipita kama haipo? Kama unacheza kushindana, TN. Angalieni monita za BenQ ZOWIE za XL zinavyotumika kwenye mashindano ya Counter-Strike miaka yote hii. XL2546K ni TN. Kuna TN zimefika 540Hz. Wataalamu wanaolipwa kwa kucheza hawajali rangi za machweo.

#25 Kapuku_Msomi
Wataalamu wanaolipwa wanakaa katikati ya kioo, peke yao. Huku gemu la mpira mnacheza wanne, wawili kwenye viti na wawili kwenye mkeka. TN ukiiangalia kutokea chini inakuwa giza na rangi zinageuka negativu. Aliye kwenye mkeka akifungwa atasema hakuiona pasi, na atakuwa na haki.
Halafu tukubaliane: seva ya karibu ya hilo gemu lako kwa sisi ni Johannesburg au Dubai. Pingi yako (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ni makumi ya milisekunde, wewe unagombania milisekunde mbili za kioo.

#26 ranki_ya_chuma
Pingi ni moja, kioo ni kingine, vinajumlishana. Kwa sababu unachelewa huku ndiyo uchelewe na huku?

#27 Kapuku_Msomi
Hapo umenijibu vizuri, ila mkeka bado uko palepale.

#28 Jirani_wa_LG
IPS ndiyo mwisho wa mambo, LG walipoigundua walimaliza mchezo. Na PS5 ya dogo itafurahi kwa sababu inakubali FreeSync, ile VRR ya AMD, monita nyingi za IPS zinayo.

#29 binti_hertz
Makosa mawili kwenye sentensi mbili, hongera. IPS ilitoka kwa Hitachi, 1996. LG wameitengeneza sana na kuitangaza sana.
Na PS5 haitumii FreeSync. Ilipata VRR mwaka 2022 mwezi wa nne, lakini ni ile VRR ya HDMI 2.1. Monita ya bei ya chini yenye HDMI 2.0 na nembo ya FreeSync, PS5 inaitazama tu. Xbox ndiyo inakubali FreeSync. Mwaka huohuo PS5 ikaongezewa 1440p, ila Mpiga_Chenga wewe hilo halikuhusu, zote mbili ulizotaja ni 1080p nadhani.

#30 Mpiga_Chenga
Ndiyo, zote 1080p. Sasa swali la kijinga: nitajuaje kwamba hiyo "IPS" anayonipa ni IPS kweli? Winga kila nikimuuliza kioo ni aina gani ananijibu "LED hii bosi, original".

#31 FundiPikseli
LED ni taa ya nyuma tu, IPS, VA na TN zote zinayo, kwa hiyo hajakujibu kitu.
Soma boksi au karatasi ya vipimo. Kontrasti ikiandikwa 3000:1 au 4000:1 ni VA. Ikiandikwa 1000:1 tazama pembe za kuangalia: 170/160 ni TN, 178/178 ni IPS. Pembe peke yake haitoshi maana VA nayo huandika 178/178. Zile namba za mamilioni kwa moja ni matangazo, zipuuze. Na ikiwa imejikunja na bei ni ya chini, ni VA, karibu zote.
Nembo ya HDR400 (ya picha yenye mwangaza mkali) nayo isikuongezee hata shilingi. Kiwango hicho hakidai kioo kizime taa kwa maeneo, kwa hiyo utapata mwangaza zaidi na weusi uleule.
Ukifika dukani mwambie awashe palepale. Weka picha nyeusi kabisa, chuchumaa uitazame toka chini, halafu pembeni. TN itajitaja yenyewe. Kisha fungua testufo.com, pale kuna majaribio ya vitu vinavyokimbia kwenye mandhari tofauti, chagua mandhari ya giza. Na ukiridhika ondoka na hiyohiyo uliyoijaribu. Usikubali "ngoja nikuletee ya stoo iliyofungwa". Humo kwenye stoo ndimo vioo vinabadilika jina, na ukikuta doa la pikseli iliyokufa ukishafika nyumbani utaambiwa umeligonga kwenye daladala.

#32 Kobe_wa_Mbagala
Kuchuchumaa Kariakoo katikati ya duka na wapita njia wanakukanyaga. Tuombe uzima.

#33 Odyssey_Nyeusi
Nimechelewa uzi. Kauli ya "VA zote zina mkia" siikubali. Samsung Odyssey G7 ya 2020 ni VA, 240Hz, na kwenye giza inakimbizana na IPS nyingi. Kwa hiyo si aina ya kioo, ni kioo chenyewe na aliyekitengeneza. Kuna VA na VA.

#34 FundiPikseli
Hiyo nakubali, na ndiyo maana bei yake haikuwa ya laki sita. Pia waulize walionayo kuhusu kumetameta VRR ikiwaka na fremu zinapopanda na kushuka.

#35 Odyssey_Nyeusi
Kumetameta kupo kwenye menyu na skrini za kupakia. Kwenye mchezo wenyewe sijakuona. OLED nazo zinameta, waulize.

#36 Said_Maskati
Kidogo sana.

#37 Mtaalam_wa_Bure
Wakuu mmeongea sana kioo, hakuna aliyeuliza gemu. Gemu nyingi za siku hizi zina ukungu wao wa makusudi wa mwendo, na zina kile kilainishi cha kingo cha TAA kinachochanganya fremu zilizopita na ya sasa. Hicho kinaacha kivuli nyuma ya vitu hata kwenye monita ya milioni tano. Winga anaweza kuwa amesema kweli bila kujua. Zima ukungu wa mwendo, badilisha TAA, halafu uje.

#38 Mpiga_Chenga
Ukungu wa mwendo nauzima siku zote. TAA nimeizima sasa hivi: kingo zimekuwa na meno, kivuli kwenye majani kimeondoka, ila mkia wa korido upo. Labda umepungua, au macho yamechoka, sijui.
Nimejaribu na hii: nimepandisha ile "Black Equalizer" kwenye menyu. Giza limekuwa kijivu na mkia umepungua sana!

#39 Ndevu_Tatu
Nilisema ni setingi.

#40 FundiPikseli
Umepungua kwa sababu umefuta weusi. Pikseli haianzi tena kwenye nyeusi kabisa, inaanza kwenye kijivu, na hapo VA ina kasi. Umelipia VA kwa ajili ya weusi wake, halafu umeuzima ili uweze kucheza. Umebaki na IPS mbovu ya inchi 27.

#41 Mwana_Kisauni
Equalizer aizime akimaliza kufyatuana, aiwashe akirudi. Ni kitufe kimoja. Mchana mpira na rangi zake, sinema usiku na weusi wake. Hayo IPS haimpi.

#42 binti_hertz
Kuna jambo hakuna aliyeligusa: inchi 27 kwa 1080p ni pikseli 82 hivi kwa inchi, 24 ni karibu 92. Kwenye maandishi tofauti unaiona ukikaa karibu. Kama anayo meza ndogo na dada wa chuo anatumia mashine hiyo, mimi ningebadilisha kwa sababu hiyo tu, mkia uwepo usiwepo.

#43 Mpiga_Chenga
Dada wa chuo ni wa Kapuku_Msomi, mimi nina dogo wa PS5. Yeye kura yake ni 27, kasema ya 24 ni "kisimu".

#44 ranki_ya_chuma
Dogo anakaa kwenye mkeka?

#45 Mpiga_Chenga
Kitandani, kwa pembeni. TN umeshaikosa hapo mkuu.

#46 Parachichi_Njombe
Anayeuza hiyo VA akirudishiwa aniambie anaiuza shilingi ngapi. Nitaipasha joto mwenyewe.

#47 Mgeni_wa_Leo
Samahani kuingilia, badala ya hizi monita kwa nini mtu asichukue TV ya OLED ya inchi 42, zile LG C2? Ina HDMI 2.1, 120Hz, VRR, PS5 inaisoma yote. Nimeona moja ya mtumba inatajwa kwa bei ya kuongea.

#48 Kapuku_Msomi
Kabla hujatoa hela omba iwashwe na skrini nyekundu tupu, halafu kijivu. Ukiona nembo ya chaneli ya habari kwenye kona, ujue ilikuwa mapokezi ya hoteli.

#49 Said_Maskati
Na uipeleke ukutani, usiiweke mezani sentimita sitini toka usoni. Shingo itakuuma.

#50 Mzee_wa_Chogo
Chogo langu bado lipo. Sihitaji skrini nyekundu, njooni na sukari tu.